Simuleta ya mbio haipungui hadhi kwa kushikwa mkononi

Miongoni mwa wapenzi wa gemu za magari kuna imani iliyokomaa kwamba uhalisia hununuliwa: usukani wa mezani unaovuta mikono, pedali za chuma, kiti kilichofungwa kwenye fremu na skrini tatu zilizopangwa nusu duara. Anayecheza simuleta hiyohiyo kwenye kifaa cha mkononi, sebuleni au ndani ya basi la kwenda mkoani, huhesabiwa kuwa anajifurahisha tu. Nje ya kundi hilo hukumu huwa kali zaidi, kwani wazazi na walimu wengi wanachokiona ni kijana anayepoteza muda kwa kukimbiza magari yasiyokuwepo. Hoja yangu ni kwamba pande zote mbili zinautafuta uhalisia mahali ambapo haukai. Kiini cha simuleta ni hesabu ya jinsi uzito wa gari na mshiko wa matairi unavyobadilika, pamoja na maamuzi ambayo hesabu hiyo humlazimisha dereva kuyafanya. Vyote viwili vinatosha mkononi, na kwa kijana wa Afrika Mashariki asiye na njia ya kulifikia gari la mashindano, hilo ni jambo la kupewa uzito wake.

Juhudi za kuiingiza hesabu hiyo kwenye kifaa kidogo hazikuanza jana. Gran Turismo ya kwanza, iliyoongozwa na Kazunori Yamauchi na kutolewa Japani Desemba 1997, iliwafundisha wachezaji wengi kwamba gari linalovutwa na magurudumu ya mbele halipigi kona sawa na linalosukumwa na ya nyuma. Mwaka 2009 mfululizo huo ulifika kwenye PSP, kifaa cha mkononi chenye skrini ya inchi 4.3, ukiwa na magari zaidi ya 800. Baadaye ikaja Assetto Corsa ya Kunos Simulazioni, kampuni ya Italia, iliyotolewa rasmi mwaka 2014. Gemu hii hukokotoa hali ya gari mara 333 kila sekunde, na baadhi ya viwanja vyake, ikiwemo Nordschleife ya Ujerumani yenye urefu wa takribani kilomita 20.8, vilipimwa kwa leza ili kila bonde na tuta vikae mahali pake. Tangu kampuni ya Valve ilipoanza kuuza Steam Deck Februari 2022, gemu hiyo ya kompyuta inachezeka kwenye kifaa cha skrini ya inchi saba chenye uzito usiofika gramu 700. Kinachopunguzwa ili iende bila kukwama ni mapambo, kama vile vivuli, uakisi wa mwanga na watazamaji jukwaani. Hesabu ya tairi haiguswi. Gari linalomponyoka mchezaji mwenye mtambo wa maelfu ya dola litamponyoka pia aliyeshika kifaa mkononi, kwa sababu ileile.

Sababu hiyo ndiyo somo lenyewe. Mshiko wa tairi ni kama mshahara: ukiumaliza wote kwenye kodi ya nyumba, hubaki na cha kupeleka sokoni. Tairi inayotumia mshiko wake wote kufunga breki haina akiba ya kupindisha gari, ndiyo maana anayeingia kona akiwa bado amekanyaga breki kwa nguvu huona gari likienda moja kwa moja hata kama amekata usukani hadi mwisho. Kuachia breki ghafla nako si dawa, kwa kuwa uzito uliokuwa umelalia magurudumu ya mbele hurudi nyuma na pua ya gari hupoteza mshiko iliokuwa nao. Dereva mwenye ujuzi huilegeza breki kidogo kidogo kadiri anavyozidi kukata kona, ili mshiko unaopungua kwenye kazi moja uhamie kwenye nyingine. Hakuna mchezaji anayeweza kuihadaa kanuni hii kwa kubonyeza haraka. Atalazimika kufunga breki mapema, kuitazama kona inayofuata badala ya ile aliyomo, na kusubiri gari linyooke kabla ya kukanyaga mafuta. Kwa maneno mengine, simuleta hufundisha subira, na humwadhibu kwa sekunde kila anayeidharau.

Hapa ndipo pana udhaifu halisi wa vifaa vya mkononi, nao hauko kwenye udogo wa skrini. Kwenye PSP, mafuta na breki vilikuwa vitufe vya kawaida ambavyo ama umevibonyeza ama hukuvibonyeza. Nintendo Switch nayo ina vitufe vya nyuma visivyopima kiasi cha kidole. Kwa vitufe vya namna hiyo, kulegeza breki kidogo kidogo hubaki kazi ya programu inayomsaidia mchezaji. Steam Deck ina vitufe vya nyuma vinavyoshuka hatua kwa hatua chini ya kidole cha shahada, hivyo robo ya breki ni robo na nusu ni nusu. Tofauti hiyo ndogo ina thamani kubwa kuliko inchi ishirini za skrini. Kuhusu usukani, nakubali kwamba kijiti cha kusukumwa kwa kidole gumba hakilingani na gurudumu linalozunguka, na kwamba gemu hulainisha mwendo wake ili gari lisiyumbe ovyo. Mchezaji wa mkononi anapoteza usahihi wa mikono. Hapotezi uamuzi wa lini afunge breki, apite upande gani wa barabara na lini aanze kuongeza mwendo, na huo ndio msingi ambao usahihi wa mikono hujengwa juu yake.

Kwamba uamuzi uliojengwa ndani ya gemu unaweza kuvuka hadi barabara ya kweli, hilo limeshathibitishwa. Mwaka 2008 Nissan na Sony walianzisha GT Academy, mashindano yaliyowatoa madereva kutoka kwa wachezaji wa Gran Turismo. Mshindi wa kwanza, Lucas Ordóñez wa Uhispania, alikuwa mwanafunzi wa shahada ya biashara. Mwaka 2011 alimaliza wa pili katika daraja la LMP2 kwenye mbio za saa 24 za Le Mans. Jann Mardenborough wa Uingereza alishinda GT Academy mwaka 2011, na mwaka 2013 yeye na Ordóñez, wakiendesha gari moja, walipata nafasi ya tatu katika daraja hilohilo. Huko Marekani, William Byron alianza kujifunza mbio kwenye kompyuta ya nyumbani kwa simuleta ya iRacing kabla ya kuingia magari halisi, kisha akashinda mbio za Daytona 500 mwaka 2024 na tena mwaka 2025. Atakayesema kwamba hawa walipewa pia makocha, fedha na magari ya mazoezi atakuwa amesema kweli, na hakuna aliyefika Le Mans kwa vidole gumba peke yake. Lakini makocha hao walipokea watu ambao tayari walijua gari linafanya nini katikati ya kona na kwa nini, na ndiyo sababu waliweza kufundishika kwa muda mfupi.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu mwili. Dereva wa kweli huuhisi mtelezo wa gari kiunoni kabla macho hayajauona, hubanwa na mkanda kila anapofunga breki, na hubeba hofu ambayo gemu haina uwezo wa kuileta. Machi 2015, kwenye uwanja wa Nürburgring, gari la Mardenborough lilipaa likavuka uzio, na mtazamaji mmoja akafariki dunia. Hakuna kitufe cha kuanza upya kwa jambo kama hilo. Nalikubali pingamizi hili lote, na naliona kuwa mpaka wa hoja yangu: simuleta haimpi mtu ruhusa ya kujiita dereva. Ila mpaka huo unamhusu pia mwenye mtambo ghali. Usukani unaotetemeka haumsukumi mtu kutoka kitini, na skrini tatu hazimtishi kwa kifo. Tukiikataa simuleta ya mkononi kwa kuwa haina hofu wala uzito wa mwili, itatubidi tuzikatae zote za nyumbani, kisha tueleze Ordóñez na Byron walijifunza nini.

Pingamizi la pili ni la usalama barabarani, na katika nchi zetu halipaswi kupuuzwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani mwaka 2021, na Afrika ndiyo yenye kiwango kibaya zaidi cha vifo kulingana na idadi ya watu. Je, gemu za mbio haziongezi wazimu huo? Watafiti wa saikolojia wakiongozwa na Peter Fischer nchini Ujerumani walilichunguza swali hili, na mwaka 2007 walionyesha kwamba baadhi ya gemu za mbio huamsha kwa mchezaji mwelekeo wa kujiweka hatarini. Utafiti wao wa mwaka 2009 ulifafanua zaidi: athari hiyo ilitokana na gemu zinazotoa zawadi kwa kuvunja sheria za barabarani, na haikuonekana kwa zile zisizofanya hivyo. Basi mzazi hana haja ya kuogopa kila gemu yenye magari. Aangalie gemu inalipa nini. Inayotoa alama kwa kuwakosakosa watembea kwa miguu inafundisha jambo moja. Inayofuta muda wa mzunguko kwa sababu matairi yametoka nje ya mstari mweupe inafundisha kinyume chake.

Kwetu suala hili lina upana wa pekee, kwa sababu mbio za magari ni mchezo wetu wa tangu zamani ambao wengi huutazama wakiwa wamesimama kando ya barabara. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ikawatoa mabingwa kama Joginder Singh, aliyeshinda mara tatu, na Shekhar Mehta, aliyeshinda mara tano. Hata hivyo gari, matairi, mafundi na mafuta vimeufanya mchezo huo kuwa wa familia zenye uwezo. WRC 9, gemu rasmi ya mashindano ya dunia ya rali, ilipotoka mwaka 2020, iliiweka Safari ya Kenya miongoni mwa mashindano yake, wakati mashindano halisi ya mwaka huo yalikuwa yamefutwa kwa sababu ya korona; mbio zenyewe zilifanyika Naivasha mwaka 2021. Kwa hiyo kijana aliyekuwa na gemu hiyo aliweza kuyaonja vumbi na mawe ya Kenya, akimsikiliza msoma ramani anayemtajia kona moja baada ya nyingine, miezi kadhaa kabla ya mabingwa wa dunia kufika.

Bei ya vifaa hivi bado ni mzigo: Steam Deck ya chini kabisa ilianza kuuzwa dola 399, na hizo si fedha kidogo kwa kaya nyingi. Lakini kifaa kimoja hakihitaji chumba maalumu, huendelea kwa betri umeme unapokatika, na kinaweza kuzunguka mikononi mwa vijana kumi wa klabu moja. Vyama vya mbio za magari vya Kenya, Uganda na Tanzania vingeweza kuendesha mashindano ya simuleta kama chujio la kwanza, kisha kuwapeleka watakaofuzu kwenye magari madogo chini ya wakufunzi. Mchezaji naye ana wajibu wake: aanze na gari lenye nguvu ndogo, aondoe misaada ya programu mmoja baada ya mwingine, na ajipime kwa mizunguko ishirini isiyo na kosa kabla ya kujisifu kwa mmoja wa kasi. Akifanya hivyo, anajifunza uendeshaji. Nasi tuwe tayari kukitambua kipaji chake hapo kilipo, badala ya kumsubirisha hadi apate fedha za kukionyesha.