Karuho tunayoinunua wenyewe

Wenzetu vijana wa Butembo, wazazi wetu, wakubwa wa mji,

Leo hatuandiki juu ya barabara wala juu ya umeme. Tunaandika juu ya jambo lililotupata sisi wenyewe, na ambalo linatupa haya.

Katika kartye moja ya mji wetu kulikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Wengi kati yetu tulijifunza kusoma mbele ya ubao wake. Siku moja sauti yake ilianza kukwaruza, akafikiri ni vumbi la chaki. Kwenye farmasi wakamupa siro, kisha vidonge, kisha siro ingine. Miezi ikapita. Akashindwa kumeza bugali, akabaki na uji. Kisha uvimbe ukatokea shingoni. Hapo maneno ya mtaani yakaanza: «Ile ni karuho. Walimutilia sumu.» Na mutu akisema karuho, lazima apatikane wa kulaumiwa. Kidole kikaenda kwa mama mjane, jirani, aliyekuwa anamuuzia chakula cha saa sita.

Usiku mmoja vijana walizunguka nyumba ya ule mama wakiwa na mawe na petroli. Tuseme ukweli: wawili kati yetu, wanaovaa mayo ya muvma wetu mchana, walikuwa mu lile kundi. Mama aliokolewa na shefu wa avenyu na wazee wawili waliosimama mlangoni mpaka asubuhi. Alihama na watoto wake.

Wiki chache baadaye munganga alitazama ndani ya koo la mwalimu, akakata kipande kidogo cha nyama, kikatumwa laboratwari. Jibu lilikuwa kanseri ya koo, pale sauti inapotokea. Mwalimu alikuwa anavuta sigara tangu miaka 17, na jioni alikuwa anaongeza pombe kali. Alikufa kabla familia haijamaliza kuchanga pesa za kumufikisha Kampala.

Sumu ilikuwepo kweli. Aliinunua mwenyewe, moja moja, kwenye butike iliyo karibu na shule.

Sisi hatukusomea uganga. Kati yetu kuna wenye diplome za sheria, za uchumi, za kilimo, na wengi hatuna kazi. Lakini tumesoma, tumeuliza wanaojua, na haya tunayoandika haiko siri.

Kanseri za kinywa, za ulimi, za koo na za mahali sauti inapotokea zina sababu zinazojulikana. Ya kwanza ni tumbaku. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7000, na karibu 70 kati yake zinaleta kanseri. Tumbaku ya kutafuna na ya kuweka mdomoni haina moshi, lakini nayo inaleta kanseri ya kinywa. Sababu ya pili ni pombe. Mwili unaigeuza kuwa kitu kinachoharibu chembe zake, na ile pombe inalainisha ngozi ya ndani ya koo ili sumu ya sigara iingie vizuri zaidi. Ndiyo maana anayevuta na kunywa pamoja hatari zake mbili hazijumlishwi tu: zinazidishana.

Sasa tutazame maisha yetu. Kijana anamaliza chuo, anazunguka na dosye yake mwaka mzima, hakuna kazi. Asubuhi anakaa kwenye kona. Kile kichupa cha plastiki cha pombe kali bei yake iko chini kuliko sahani ya bugali na sombe. Sigara inauzwa moja moja, basi hata asiye na pesa ya pakiti anapata. Wengi wetu tulianza hivyo, kwa kupoteza saa. Wakubwa wakipita wanasema: «Vijana wa leo walevi.» Hawaulizi nani anaruhusu ile pombe kupita, wala kwa nini saa kumi za mchana kijana mwenye diplome hana mahali pengine pa kuwa.

Kuna sababu ya tatu ambayo watu wanaona haya kuitaja: virusi. Kirusi cha papiloma, HPV, kile kinacholeta kanseri ya mlango wa uzazi kwa mama zetu, kinaweza kuleta pia kanseri ya koo, kule nyuma ya ulimi na kwenye tonsili, kwa wanaume na wanawake. Kinapita kwa njia ya ngono, ya mdomo pia. Mara nyingi mwili unakifukuza wenyewe. Kwa wengine kinabaki miaka mingi kimya, na ile aina inayoitwa 16 ndiyo mbaya zaidi. Kwa hiyo mutu asiyevuta wala kunywa anaweza kupata kanseri ya koo, na hilo halimfanyi malaya wala mulogi. Mwenye virusi vya SIDA naye yuko katika hatari zaidi, kwa sababu kinga yake imepungua. Kuna pia kirusi kingine, Epstein-Barr, kinachohusika na kanseri inayoanzia nyuma ya pua.

Kwa HPV, chanjo ipo. Rwanda, jirani yetu, ilianza kuwachanja wasichana wake mwaka wa 2011. Shirika la afya la dunia, OMS, linaomba wasichana wa miaka 9 mpaka 14 wachanjwe kwanza, na tangu 2022 limekubali kwamba hata dozi moja inaweza kutosha. Binti wa Butembo, wa Lubero au wa Mambasa hana mwili tofauti na wa binti wa Gisenyi.

Tunajua tutaambiwa nini: «Watu wanachinjwa Beni, wanakimbia Lubero, na nyinyi munaongea sigara?» Tunajibu: tumezika wa vita, na tumemuzika mwalimu. Tulitembea kwa ajili ya wa kwanza. Kwa ajili ya wa pili tulibeba mawe kwenda kwa mjane. Mahali elimu ya afya haifiki, karuho inajaza nafasi, na karuho nayo inaua.

Na ugonjwa huu ukijulikana mapema unatibika mara nyingi, kwa operesheni au kwa mionzi. Lakini kwetu Butembo hakuna mashine ya mionzi. Kwenda Kinshasa ni ndege. Kwenda Kampala ni Beni, Kasindi, mpaka, na pesa ambazo mwalimu wa Congo hana. Mwaka wa 2022 shirika la kimataifa la nguvu za atomu lilianzisha mpango wa kusaidia nchi za Afrika kupata mashine hizo, na Congo ilikuwa kati ya nchi za kwanza zilizochaguliwa. Kwa hiyo tuna haki ya kuuliza: na Mashariki?

Tunaomba haya:

1. Meya na polisi wasimamishe uuzaji wa pombe kali na sigara karibu na shule, na kwa watoto. Congo iko ndani ya mkataba wa OMS juu ya tumbaku tangu 2005. Kipengele cha 16 cha mkataba ule kinakataza kuuzia watoto, na kinaomba nchi zijitahidi kukomesha sigara ya moja moja. Tusiombe sheria mpya kabla hii haijafanya kazi.

2. Wizara ya afya ifikishe chanjo ya HPV kwa wasichana wa Kivu Kaskazini na Ituri, hata walio kwenye kambi za wakimbizi wa ndani.

3. Serikali iseme wazi mgonjwa wa kanseri wa Mashariki atatibiwa wapi, na kwa pesa za nani.

4. Wachungaji, mapadri, maimamu na redio za mji: musiseme karuho kabla munganga hajatazama koo.

Kwa kila mmoja: sauti iliyokwaruza kupita wiki tatu, kidonda cha kinywa kisichopona, uvimbe wa shingo, kumeza kwa shida, damu puani upande mmoja mara kwa mara. Ukiona moja kati ya haya, nenda hospitali. Siro ya tatu usiinunue. Na wewe unayevuta, bado haujachelewa: ukiacha, baada ya miaka 5 mpaka 10 ile hatari iliyoongezwa na sigara kwa kinywa na koo inashuka karibu nusu.

Sisi wenyewe tunaanza hivi. Hakuna tena kichupa wala sigara kwenye mikutano yetu, na baada ya maandamano hatutakubali kununuliwa pombe na mtu yeyote, hata anayejiita rafiki wa vijana. Wale wenzetu wawili wamekiri mbele yetu wote. Tumemutafuta ule mama kule alikohamia, tumemuomba musamaha. Alitusikiliza, hakujibu. Mlango wake uliovunjwa tumeurudisha kwa pesa yetu, na ufunguo uko kwa shefu wa avenyu, siku akitaka kurudi.

Vijana wa muvma, Butembo