Dreva Yako Haiko Peke Yake Kwa Hiyo Laini

Wasee, hii nitaisema bila kupaka asali. Dreva nyingi tunazoandika huku Kisumu ni chafu. Siongelei madereva wa matatu, hao wana siku yao. Naongelea ile programu inayokaa kati ya mfumo endeshi na kifaa: kadi ya mtandao, sensa, kamera. Mtu anaiandika kana kwamba mashine yote ilinunuliwa na babake.

Simama Kondele jioni uite "Otieno!" Vichwa kumi vitageuka. Tisa wataona si wao, waendelee na safari. Mmoja atakuja. Hivyo ndivyo laini ya intarapti inayotumiwa na vifaa kadhaa inavyofanya kazi. IBM PC ya 1981 ilikuwa na laini 8 tu. PCI ilipokuja miaka ya 90, vifaa vikaruhusiwa kutumia laini moja pamoja. Kwa Linux, dreva inajiandikisha na bendera ya IRQF_SHARED, na kila aliye kwa hiyo laini lazima awe amekubali kushiriki. Aliyetangulia akikataa, anayefuata anafungiwa mlango. Laini ikilia, keneli inawapitia wote. Kazi yako ni kusoma rejista ya kifaa chako na kuuliza, ni wewe? Kama siye, sema siye na utoke haraka.

Sasa kuna wale wanaorudisha jibu la "nimeshughulikia" kila mara, hata kama kifaa chao kimenyamaza. Ukiwauliza kwa nini, wanakwambia "ilifanya kazi kwa meza yangu." Kwa meza yako ulikuwa na kifaa kimoja, omera! Keneli ina hesabu yake: ikiona intarapti 99,900 kati ya 100,000 hazina mwenyewe, inaandika kwamba hakuna aliyejali, inazima laini. Ukidanganya, hiyo kinga haiamki. Mashine inakwama na hakuna anayejua ni nani. Halafu kuna yule anayezima laini nzima ndio afanye kazi yake kwa amani. Amezimia majirani wote.

Najua mtasema hayo ni mambo ya kompyuta kubwa za Ulaya, na kwamba PCI Express siku hizi inatuma intarapti kama ujumbe, kila kifaa na zake. Ni kweli. Lakini vibodi vidogo tunavyoweka ziwani bado vinagawana waya.

Mwaka wa 2022 samaki wa vizimba walikufa kwa wingi upande wetu wa ziwa, na maji yenye oksijeni kidogo ndiyo yaliyotajwa. Tangu hapo kila mtu anauza sanduku la sensa. Jamaa mmoja anayefuga tilapia aliniletea lake, kutoka kwa kampuni ambayo sitaitaja. Ndani kuna sensa ya oksijeni, ya joto na saa, zote kwa basi moja la I2C, yaani nyaya mbili tu. Dreva ya oksijeni inatuma amri, inashika kufuli ya basi, kisha inalala na kufuli mkononi ikingoja jibu. Sensa ikishikwa na uchafu isijibu, inangoja tu. Joto halisomwi. Saa haisomwi. Skrini inaendelea kuonyesha nambari ya jioni kana kwamba ni ya sasa hivi.

Na mnajua oksijeni hushuka zaidi saa ngapi? Kabla ya alfajiri, kwa sababu gizani mwani unaacha kuitengeneza lakini unaendelea kuitumia. Huyo jamaa aliona samaki wamepanda juu wakihema. Sanduku lilikuwa linamwambia kila kitu kiko sawa.

Dawa yake si ngumu: tuma amri, achia basi, weka kipima muda, rudi uchukue jibu. Kungoja kuwe na kikomo. Jibu likikosa, onyesha kwamba limekosa. Mengine wataniambia niongeze basi lingine, waya ni rahisi. Ongeza. Kumbukumbu bado ni moja na prosesa bado ni moja, utagawa mpaka lini?

Hasira yangu iko kwa kozi zetu. Miezi mitatu ya kupamba tovuti, kufuli hazitajwi hata mara moja. Linux imekuwa na lockdep, chombo cha kunasa kufuli zilizoshikwa kwa mpangilio mbaya, tangu 2006, na ni bure. Ni wangapi kati yetu wameiwasha?

Kama uko na sanduku kama hilo Dunga, Usoma ama Usenge, chomoa waya wa sensa ya oksijeni dakika tano uangalie skrini. Nambari ikibaki vile vile, tuma picha hapa kwa komenti, na useme uliuziwa pesa ngapi.