Cheti cha Kilimo cha Bustani: Tukipime kwa Mizani Gani?



Wazazi wa hapa Kipawa hutuuliza mara kwa mara swali hili: kijana amemaliza shule, naye ataka kwenda chuoni kusoma kilimo cha bustani, je, fedha itakayotumika itarudi, au ni mali inayotupwa? Swali hili ni la haki. Kumsomesha mtoto ni wajibu, na kuichunga mali isipotee bure nako ni wajibu. Basi na tulitazame kwa utulivu.

Kwanza, yapasa tujue kuwa vyeti si vya namna moja. Viko Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden, na viko vyuo vya VETA. Baadhi yake hufundisha kilimo, na hata aliyeishia darasa la saba hupokewa. Kisha viko vyuo vya kilimo, kama kile cha Tengeru kilichoko Arusha, vinavyotoa astashahada na stashahada. Huko hutakiwa ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, na somo la dini halihesabiwi katika manne hayo. Basi enyi vijana, msome dini yenu, wala msiziache Bayolojia na Hisabati. Na chuo chochote kile, mzazi aulize kwanza kama kimesajiliwa na NACTVET, kwani cheti cha chuo kisichosajiliwa ni karatasi tu.

Pili, tuhesabu gharama sawasawa. Wengi wetu hutaja ada peke yake. Iko pia nauli, malazi, na vifaa. Chakula tusikihesabu chote, maana hata nyumbani angalikula. Lakini iko gharama isiyoonekana, nayo ni chumo analoliacha kijana kwa muda awapo chuoni.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme ada na matumizi ya mwaka mmoja ni shilingi 1,500,000, na kijana alikuwa akipata shilingi 100,000 kila mwezi kwa kuuza mboga. Mwaka ule atakosa shilingi 1,200,000. Gharama ya kweli, basi, ni shilingi 2,700,000. Ikiwa elimu ile itamwongezea shilingi 75,000 kila mwezi juu ya pato lake la zamani, fedha itarudi kwa miezi 36. Ikiwa itamwongezea 25,000 tu, itarudi kwa miezi 108, yaani miaka tisa. Mzani wote, kama mnavyoona, umesimama juu ya ongezeko hilo.

Je, ongezeko hutoka wapi? Iko milango mitatu. Wa kwanza ni kazi ya serikali, ya bwana shamba au bibi shamba. Hapo cheti ni sharti, lakini nafasi ni chache kuliko waombaji. Wa pili ni mashamba makubwa ya maua na mboga ya Arusha na Kilimanjaro. Mwenye cheti aweza kuwekwa msimamizi, lakini itambidi ahame kwao. Wa tatu ni kujitegemea, na hapa ndipo wengi huishia.

Katika mlango huu wa tatu, karatasi haiulizwi. Mnunuzi wa soko la Buguruni au la Ilala hutazama mchicha, wala hatazami cheti. Kinacholipa ni ujuzi wenyewe: kupima dawa na kungoja siku zake kabla ya kuvuna, kuchagua mbegu, na kubebesha miche. Mwembe uliobebeshwa huzaa kwa miaka mitatu au minne, hali ule wa kokwa huweza kuchukua miaka sita na zaidi. Ndiyo maana mche wake huuzwa kwa bei kubwa zaidi.

Walakini ujuzi nao wataka ardhi na maji. Kwetu Kipawa nyumba zimesongamana, na wengine walihamishwa kupisha uwanja wa ndege. Bonde la Msimbazi lina maji, lakini watafiti wamekuta madini mazito katika mboga zinazolimwa humo, na kumlisha mtu kitu cha kumdhuru si chumo jema. Kitalu cha miche ndicho kinachofaa mjini, kwani huweza kukaa uani penye bomba la maji safi.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Kijana na akae kwanza msimu mmodja kwa mwenye kitalu, ashike jembe na ndoo. Akivumilia na kupenda, mzazi amlipie. Akichoka, ada imesalimika. Wala ada isikopwe kwa riba. Atakapohitimu, aungane na wenziwe waombe mkopo wa halmashauri kwa vikundi vya vijana, ambao hauna riba.

Aliye na ardhi, maji na subira, cheti kitamfaa. Asiye na hayo, na ayatafute kabla ya kulipa ada.

Wabillahi tawfiq.