Mzazi Anaporudi na Mtoto Njiti

Kurudi nyumbani na mtoto aliyekuwa katika wodi ya uangalizi maalumu ni neema ya kumshukuru Allah (S.W.). Hapa kwetu Pemba neema hiyo hupokewa kwa vigelegele, mlango wazi na chetezo cha udi. Wiki hii tunaomba tumtazame mzazi ambaye mapokezi hayo humwelemea.

Wapo miongoni mwetu mama na baba ambao Mola ameziumba akili zao zifanye kazi kwa namna tofauti na za wengi. Baadhi wana usonji. Wengine hawatulii, na maagizo marefu huwapotea. Wengi wao wamefika utu uzima bila kuijua hali yao kwa jina, wakaitwa wakaidi, wenye kiburi au wenye shetani.

Mzazi wa namna hii ametoka wodini, penye taa zisizozimwa na mashine zinazolia usiku kucha. Nyumbani anawakuta mawifi, mashoga na majirani, kila mmoja na lake la kusema. Akijifungia chumbani, huambiwa hampendi mwanawe. Hiyo ni dhulma, kwani mapenzi ya mzazi hayapimwi kwa uso wake. Tena ina hatari: mama aliyeaibishwa huacha kuuliza, na anayeumia ni mtoto.

Basi tumsaidieje?

Kwanza, tumpe utulivu. Wageni wasubiri. Akika ni sunna siku ya saba, lakini wanazuoni wengi wameruhusu ifanywe siku ya 14 au ya 21; nyama inaweza kugawiwa bila ya kuijaza nyumba watu. Chetezo nacho kiwekwe kando: mapafu ya mtoto njiti ni dhaifu, na harufu kali humtesa mama asiyeistahimili. Hata kukandwa, aulizwe kwanza kama anaridhia.

Pili, maagizo ya daktari yaandikwe kwa sentensi fupi na kubandikwa ukutani, na saa za kunyonyesha ziwekewe kengele ya simu. Mtu mmoja anayemwamini afuatane naye kliniki. Katika karatasi hiyo ziwemo dalili za hatari: mtoto kukataa kunyonya, kupumua kwa shida, kupata degedege, kuwa na homa, au mwili kuwa baridi au wa manjano. Ikionekana mojawapo, arudishwe hospitali mara moja. Familia inayoishi Kojani, ambayo lazima ivuke maji, ijue mapema ni chombo cha nani kitakachowavusha usiku.

Tatu, mtoto njiti hubebwa kifuani, ngozi kwa ngozi. Utaratibu huu, uitwao kangaruu, ulianzishwa na Dk. Edgar Rey huko Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Shirika la Afya Duniani linauhimiza kwa watoto njiti na waliozaliwa na uzito mdogo, kwa saa 8 hadi 24 kwa siku. Lakini kuna mama ambaye kuguswa muda mrefu kwake ni mateso. Asilaumiwe. Baba avue shati ambebe mwanawe, na bibi naye apokee zamu. Mwanamume kufanya hivyo si aibu, ni ulezi.

Na huzuni au hofu ya mama, au ya baba, ikizidi wiki mbili, aonwe na daktari. Wala asiambiwe kuwa imani yake ni ndogo.

Aya ya 233 ya Surat Al-Baqara, inayozungumzia kunyonyesha, inakataza mama au baba kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wao, na inataja mashauriano. Kwetu sisi mashauriano yaanze na swali jepesi, la mama mkwe kwa mkaza mwana wake: “Mwanangu, nikusaidie lipi, na lipi niliache?” Kisha anyamaze, asikilize jibu.

Tunamuomba Allah awakuze watoto wetu katika afya, na atujaalie kuwa wasitiri wa wazazi wao. Amin.