Kaunti Isiyohesabu Wagonjwa Wake



Ugonjwa wa saratani, ambao wengi wetu tunauita kansa, umekwisha kuingia katika familia nyingi za parokia zetu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani na lenye makao yake mjini Lyon, Ufaransa, lilikadiria kwamba katika mwaka 2022 Wakenya zaidi ya 44,000 walipatwa na ugonjwa huu, na zaidi ya 29,000 walifariki kwa sababu yake. Hayo ni makadirio ya nchi nzima. Lakini mwananchi haishi katika nchi nzima. Anaishi katika kaunti yake, lokesheni yake na kijiji chake. Ndiyo maana swali linaloulizwa baada ya kila mazishi ni hili: mbona hapa kwetu wanakufa wengi hivi? Je, kwa jirani ni hivyo hivyo?

Swali hilo ni la haki kabisa. Majibu yanayotolewa ndiyo yanayotutia wasiwasi. Wapo wanaosema kaunti fulani imelaaniwa, au imetiliwa sumu, kwa kuwa jina lake hutajwa sana. Wapo pia wanaoshukuru kwamba kaunti yao imesalimika, kwa kuwa jina lake halitajwi popote. Maoni yetu ni kwamba pande zote mbili zimefanya haraka, na kwamba wale wa pili wamo hatarini zaidi. Kaunti isiyotajwa si lazima iwe kaunti yenye afya. Huenda ikawa ni kaunti ambayo wagonjwa wake hawahesabiwi.

Tofauti zipo, nazo zina sababu

Hatusemi kwamba tofauti baina ya sehemu na sehemu ni ndoto. Zipo, na historia ya Afrika Mashariki yenyewe inatufundisha jinsi ya kuzitazama.

Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, alianza kuona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya. Hakutosheka kuwatibu waliofika mlangoni kwake. Alituma barua zenye picha kwa hospitali za serikali na za misheni barani, akiuliza kama uvimbe huo umeonekana huko. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walifunga safari ya gari ya majuma kumi, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ramani waliyoichora ilionyesha kwamba ugonjwa ule ulikuwa mwingi katika nchi za joto na mvua, na haba katika nyanda za juu zenye baridi. Ramani hiyo iliwasaidia wataalamu kutafuta chanzo, na mwaka 1964 kirusi kikagunduliwa katika uvimbe huo huko London. Baadaye ikaeleweka kwamba malaria ya mara kwa mara humdhoofisha mtoto na kukipa kirusi hicho nafasi. Hadi leo, hapa Kenya, saratani hiyo ya watoto huonekana zaidi kandokando ya Ziwa Victoria na katika Pwani kuliko nyanda za juu.

Mifano mingine tunayo. Mwaka 2002 madaktari wa hospitali ya misheni ya Tenwek, huko Bomet, walichapisha katika jarida la Lancet habari za saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, wakaonyesha kwamba katika eneo lao ilikuwa ikiwapata hata vijana. Watafiti wamechunguza chai inayonywewa ikiwa moto mno, tumbaku, pombe kali za kienyeji, moshi wa jikoni na mengineyo. Hakuna jambo moja lililothibitika kuwa ndilo chanzo pekee. Katika Makueni na Kitui, mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliwaua watu zaidi ya mia moja kwa muda mfupi. Sumu hiyo hiyo, ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, huleta saratani ya ini, hasa kwa mtu mwenye homa ya ini aina ya B. Na katika kaunti za Homa Bay, Siaya na Kisumu, ambako virusi vya UKIMWI vimeenea kuliko kwingi nchini, akina mama wako katika hatari kubwa zaidi ya saratani ya mlango wa kizazi, kwa maana mwanamke mwenye virusi hivyo ana hatari ipatayo mara sita ya ile ya mwenzake asiye navyo.

Katika yote hayo hapana laana. Kuna mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, kuna malaria, kuna chanjo isiyomfikia mtoto, kuna umaskini. Ni mambo ambayo wanadamu wanaweza kuyabadili.

Hesabu inavyoweza kudanganya

Hata hivyo, kiongozi anayesimama mbele ya watu na kusema kaunti yetu inaongoza hana budi kujua hesabu hizi zinavyofanywa.

La kwanza ni idadi ya watu. Katika sensa ya mwaka 2019 Nairobi ilikuwa na watu wapatao milioni 4.4, na Lamu ilikuwa na watu wapatao 144,000. Kulinganisha jumla ya wagonjwa wa Nairobi na ya Lamu ni kulinganisha gunia na kibaba. Kwa sababu hiyo wataalamu huuliza: kati ya kila watu 100,000, ni wangapi waliougua mwaka huu?

La pili ni umri. Saratani nyingi huwapata wazee. Murang'a na Nyeri zina sehemu kubwa zaidi ya wazee kuliko Mandera na Turkana, ambako watoto na vijana ni wengi mno. Ni lazima umri usawazishwe katika hesabu kabla ya kusema kwamba mahali fulani pana hatari kuliko pengine.

La tatu ni uchache. Tuchukue mfano wa kaunti ndogo iliyopata wagonjwa 12 wa saratani fulani mwaka mmoja, na 18 mwaka uliofuata. Mtu atatangaza kwamba ugonjwa umeongezeka kwa nusu nzima. Lakini katika idadi ndogo kama hiyo, watu sita zaidi au pungufu huweza kutokea kwa bahati tu. Miaka kadhaa ya hesabu ndiyo itakayosema kweli.

La nne, ambalo kwetu ndilo kubwa, ni kwamba saratani haihesabiwi mpaka igunduliwe. Ili igunduliwe panahitajika daktari, kipande cha nyama kutoka katika uvimbe, maabara ya kukipima, na mtu wa kuandika jibu katika sajili. Sajili ya Eldoret ilianzishwa mwaka 1999 na ile ya Nairobi mwaka 2001, na kwa muda mrefu makadirio ya Kenya nzima yameegemea hasa sajili hizo mbili. Bibi anayefariki kijijini Turkana akiwa na uvimbe wa titi ambao haukupimwa haingii katika hesabu yoyote. Katika ramani, kaunti yake itaonekana nyeupe na safi. Weupe huo ndio tunaopaswa kuuogopa.

Kutohesabiwa ni dhuluma

Hapa ndipo jambo hili linapoacha kuwa la wataalamu peke yao na kuwa la haki. Fedha za umma hufuata tarakimu. Mashine hupelekwa ambako imeandikwa kwamba wagonjwa wapo. Madaktari nao hupelekwa huko huko. Kwa miaka mingi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ilikuwa ndiyo hospitali pekee ya umma yenye tiba ya mionzi, na mgonjwa wa Lodwar au Wajir alilazimika kuuza mifugo ili aifikie. Kaunti isiyo na vipimo haina wagonjwa katika vitabu. Kwa kuwa haina wagonjwa katika vitabu, haipewi vipimo. Maskini anafungwa ndani ya duara hilo, naye anafariki bila ya kifo chake kuwa hoja mezani kwa yeyote.

Mtu akiwa na utu sawa na wenzake, basi kuugua kwake kuna haki ya kuandikwa sawa na kwa wenzake. Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu cha afya kinachowezekana, na inazipa kaunti jukumu kubwa la huduma za afya. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani ya mwaka 2012 iliagiza wagonjwa wa saratani wasajiliwe. Sheria tunayo, kinachobaki ni kuitimiza.

Tusidhani kwamba tunaota mambo yasiyowezekana. Jimbo la Kentucky nchini Marekani limegawanyika katika kaunti 120, na tangu miaka ya 1990 sheria yake inadai kila mgonjwa wa saratani aandikwe. Sajili yao ilionyesha wazi kwamba kaunti za milimani upande wa mashariki, nchi ya makaa ya mawe na ya watu maskini, zilielemewa na saratani ya mapafu na ya utumbo mpana kuliko kaunti nyingine. Mwaka 1999 ni kama theluthi moja tu ya watu wa jimbo hilo wenye umri wa miaka 50 na zaidi waliokuwa wamepimwa utumbo mpana. Tarakimu zikapelekwa sehemu kwa sehemu kwa madaktari na viongozi wa jamii, wakaambiwa: hawa ni watu wenu. Baada ya miaka kama kumi, waliopimwa walizidi asilimia 60, na wagonjwa wapya wa saratani hiyo wakapungua kwa zaidi ya asilimia 20. Kentucky ni tajiri kuliko sisi, tunakiri. Lakini walianza kwa kuhesabu.

Yaliyo mikononi mwetu

Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika mazishi mengi tunasoma kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu, tukaishia hapo. Familia ina haki ya kuhifadhi siri yake, na hatumlazimishi mtu kutangaza ugonjwa wa mpendwa wake kanisani. Lakini mbele ya chifu, pale kibali cha mazishi kinapoandikwa, na mbele ya karani wa hospitali, tuseme kweli. Vilevile, mgonjwa anayetibiwa Nairobi akiwa amefikia kwa nduguye huko, ataje mahali anapoishi kwa kawaida. Akitaja nyumba ya nduguye, kaunti yake imempoteza katika hesabu, na Nairobi imeongezewa mzigo usio wake.

Viongozi wa akina mama wahimize upimaji wa mlango wa kizazi. Kipimo cha siki ni chepesi na kinaweza kufanywa hata katika kituo kidogo cha afya. Tangu Oktoba 2019 chanjo ya kuzuia saratani hiyo imo katika mpango wa taifa kwa wasichana kuanzia umri wa miaka 10. Wazazi waulize kama imewafikia binti zao. Wakulima wakaushe mahindi vyema kabla ya kuyaweka ghalani, na yaliyoota kuvu wasiwape watu wala mifugo.

Halmashauri za parokia nazo zisiiachie serikali ya kaunti ikae kimya. Kila mwaka mpango wa maendeleo wa kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili, na wananchi wana haki ya kusikilizwa. Tufike katika mikutano hiyo tukiwa na maswali mepesi: Mwaka jana kaunti yetu iliandika wagonjwa wangapi wa saratani? Nani anawaandika, na analipwa na nani? Mgonjwa mwenye uvimbe anapimwa wapi, na jibu lake linachukua majuma mangapi? Mkubwa akijibu kwamba kwetu saratani ni kidogo, tumwulize amejuaje.

Ndugu waumini, huenda siku tutakapoanza kuhesabu vizuri kaunti zetu nyingi zitaonekana zimepanda ghafla katika orodha. Wapo watakaoingiwa na hofu, na wapo wanasiasa watakaotaka kuficha vitabu. Tusikubali. Kupanda huko hakutakuwa na maana kwamba watu wetu wameanza kuugua siku hiyo. Kutakuwa na maana kwamba hatimaye yupo mtu aliyewaona. Wagonjwa hao wamekuwapo miaka yote. Wamekuwa wakifariki vitandani mwao, mbali na kalamu. Kuwaandika ndiyo hatua ya kwanza ya kuwatetea.