Hakuna Risasi ya Watoto

Vijana wa mtaa wa Kware, Nairobi, wanatazama sana video za uwindaji kwenye simu. Mmarekani amelala kifudifudi kwenye shamba lisilo na mwisho, bunduki ndogo ya .22 begani, sungura anaanguka, kisha koyote, yule mbwa mwitu wa kwao. Mjadala huhamia kibandani kwenye chai na mandazi, na hapo husemwa mambo ambayo yakiachwa bila jibu yatakuja kuua mtu.

“Ishirini na mbili ni bunduki ya watoto, haiui binadamu.” Nianze na hili kwa sababu ndilo baya kuliko yote. Risasi ya .22 Long Rifle ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1887. Kichwa chake cha kawaida kina uzito wa gramu 2.6 hivi, nacho hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 330 hadi 380 kwa sekunde. Robert Kennedy aliuawa Los Angeles mwaka 1968 kwa bastola ya .22. Mwaka 1981 Rais Reagan alipigwa na risasi ya .22 ambayo haikumfikia moja kwa moja: iligonga gari lake kwanza, ikadunda, ikamwingia chini ya kwapa na kukwama kwenye pafu, karibu kabisa na moyo.

Kudunda huko ndiko kunakonitia hofu. Kichwa cha risasi hii mara nyingi ni cha madini laini na mwendo wake si mkali sana, kwa hiyo kikipiga jiwe, maji au lami kwa mshazari, mara nyingi hakisambaratiki. Hubadili njia na kuendelea na safari. Watengenezaji wenyewe huonya kwenye pakiti kwamba inaweza kufika maili moja na nusu, yaani kilomita 2.4 hivi. Sasa simama Kware uhesabu umbali huo kuelekea mitaa jirani ya Pipeline au Kwa Njenga. Utapita juu ya ghorofa zilizobanana hadi jirani akianika nguo zinagusa dirisha lako, na juu ya nyumba za mabati ambayo msumari huyatoboa bila shida. Yule wa kwenye video ana kilima cha udongo nyuma ya mnyama. Hapa, nyuma ya mbwa koko unayetaka kumlenga, kuna mama anayemwogesha mtoto kwenye karai.

“Yenye kasi zaidi ndiyo bora kwa kila mnyama.” Wanaosema hivi huitaja .17 HMR iliyotoka mwaka 2002, na ni kweli ina kasi: kichwa cha gramu 1.1 kwa mita 777 hivi kwa sekunde. Lakini angalia inavyofanya kazi. Katika jamii yote ya risasi ninazozitaja hapa, kemikali ya kuwashia baruti haikai katikati ya kitako cha ganda. Imefichwa ndani ya ukingo wake, na risasi hufyatuka pale pini ya bunduki inapouponda ukingo huo. Ili upondeke, ganda lazima liwe jembamba, na ganda jembamba halivumilii shinikizo kubwa. Nguvu yake ina kikomo, na kasi ya .17 imepatikana kwa kupunguza uzito wa kichwa. Upepo wa pembeni hukisukuma kwa urahisi. Kikimpiga sungura huharibu nyama, na kikipiga bega la mnyama mkubwa huvunjika vipande kabla ya kufika ndani.

Katika nchi ambako uwindaji ni halali, mwenye ujuzi huanza na mnyama na umbali. Kwa sungura aliye ndani ya mita 75 hivi, .22 Long Rifle inatosha: yenye tundu kichwani hufunguka na kuua haraka, isiyo na tundu huhifadhi nyama zaidi. Kwa bweha wa kilo nane au kumi, .22 Magnum ya mwaka 1959 inafaa akiwa ndani ya mita 100 hivi. Kisha hujaribu pakiti kadhaa kwenye karatasi, kwa sababu mtutu mmoja hauzipendi risasi zote sawa. Lakini fisi madoa anaweza kupita kilo 50, na ana shingo nene na mifupa migumu. Hakuna risasi ya jamii hii inayomfaa. Ataondoka na jeraha, ateseke siku kadhaa, au awageukie watu, na kumfanyia mnyama hivyo ni ukatili mtupu.

“Marufuku ni ya ndovu na simba, sungura na kanga ni bure.” Hapana. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haikumsamehe hata anayewinda kitoweo: faini isiyopungua shilingi 30,000, au kifungo kisichopungua miezi sita, au vyote viwili. Wakati watu walipokimbilia biashara ya mayai ya ndege aina ya kware, mwaka 2014 hivi, hata waliowafuga tu walitakiwa kuwa na leseni ya Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS).

“Kosa ni bunduki; risasi peke yake mfukoni si kitu.” Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inadai cheti kwa bunduki na kwa risasi pia. Moja tu inatosha kukufikisha mahakamani.

“Fisi akila mbuzi wako, serikali haikusaidii, mpige, au mtegee sumu.” Hapa kuna uchungu wa kweli na siubezi. Fisi yumo kwenye orodha ya wanyama ambao sheria inaagiza mfugaji afidiwe kwa hasara wanayosababisha, lakini fidia huchelewa mno. Hata hivyo sumu haichagui. Desemba 2015 mzoga uliotiwa sumu Maasai Mara uliua simba, akiwemo jike aliyejulikana kama Bibi. Tai wanaokula mizoga hufa vivyo hivyo. Hasira nayo ilizaa nini Kitengela, ng’ambo ya Mbuga ya Nairobi, mwezi wa Juni 2012? Simba sita waliuawa kwa mikuki, na usiku uliofuata mabanda ya mifugo yalikuwa na udhaifu uleule.

Huko huko, Richard Turere, akiwa bado mtoto, alikuwa ameshaunganisha betri ya gari, paneli ya sola na kifaa cha indiketa ya pikipiki ili taa za boma zimweke kwa zamu, na simba wakakaa mbali. Majirani wakamwomba awafungie taa hizo. Mfugaji anayelala macho kwa hofu ya fisi ana haki ya kudai fidia yake kwa wakati; lakini adai pia, kwa sauti hiyohiyo, KWS na kaunti zimsaidie kupata taa na boma la waya kabla mbuzi hajaliwa.