Choo cha Shule ni Suala la Haki



Tunapotaja haki, mawazo yetu hukimbilia mahakamani, kwenye mirathi ya wajane na mipaka ya mashamba. Hayo ni ya kweli. Lakini ipo haki nyingine inayovunjwa kimya kimya kila siku ya masomo: haki ya mtoto wa shule ya msingi kupata choo safi na maji ya kunawa.

Shule nyingi za Musoma, Bunda na Butiama haziko mbali na Ziwa Viktoria. Ziwa hili hutulisha, lakini pia hutuletea kichocho. Mayai ya minyoo yake hutoka katika kinyesi au mkojo wa mgonjwa. Yakifika majini huanguliwa, vijidudu huingia ndani ya konokono na kuongezeka humo, kisha hutoka na kupenya ngozi ya yeyote anayeoga, anayefua au anayechota maji. Mtoto hupungukiwa damu, huchoka, na baada ya miaka huweza kudhurika ini au kibofu. Darasani huitwa mvivu, kumbe ni mgonjwa.

Serikali imekuwa ikigawa dawa za kichocho na minyoo shuleni, nasi tunaipongeza. Hata hivyo, dawa huua minyoo iliyomo mwilini. Haimkingi mtoto asiambukizwe tena akirudi kwenye maji yale yale. Kugawa dawa bila kujenga vyoo ni kuteka maji kwa pakacha.

Kipimo cha taifa ni tundu 1 la choo kwa wasichana 20, na tundu 1 kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 400 na wavulana 400 yapasa kuwa na matundu 36. Je, shule ya jirani yako inayo mangapi? Na je, yana milango? Msichana aliyebalehe ambaye hukaa nyumbani siku 3 kila mwezi kwa sababu choo hakina mlango wala maji, katika miezi 10 ya masomo amepoteza siku 30, yaani wiki 6 za masomo. Huyo amenyimwa elimu, ingawa jina lake limo katika daftari la mahudhurio.

Wapo wasemao: “Elimu ni bila malipo, hayo ni ya Serikali.” Ni kweli kwamba Waraka wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, na ni dhuluma kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango. Lakini Waraka haukufuta wajibu wa mzazi, wala haukukataza kujitolea. Katika kampeni ya “Mtu ni Afya” ya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, kisha wakachimba vyoo kwa mikono yao. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, aliyahesabu maradhi pamoja na ujinga na umaskini kuwa maadui wa taifa. Maadui hao hawashambulii mmoja mmoja.

Nasi tujihoji bila woga. Tumechangia mabati ya kigango na viti vya ukumbi. Ni lini jumuiya zetu zilichangia mlango mmoja wa choo cha wasichana?

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila jumuiya iitembelee shule iliyo karibu, ihesabu matundu na wanafunzi, na ipeleke hesabu hiyo kwa kamati ya shule na kwa diwani, kwa heshima lakini bila kunyamaza. Pili, tusaidie kuvuna maji ya mvua: paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 10 tu hupokea lita 1,000. Tatu, tupande miti ya kivuli na matunda, na kila mti upewe familia ya kuutunza hata wakati wa likizo.

Haki haingoji mkutano mkubwa. Yaweza kuanza Jumamosi ijayo, kwa jembe, kwa msumari na kwa mlango wenye komeo.